Ukuta wa Karani

Jirani yangu, karani wa ofisi ya serikali, teritware, hapa Fizi, haongei siku hizi bila kupapasa ukuta. Amekoroga chokaa na udongo mwekundu mpaka akapata rangi ya waridi, laini, yenye joto, kama ulimi wa mwana-mbuzi. Aliiona rangi hiyo dirishani kwa madamu mmoja Mzungu, akaipaka sebule yote. Kesho Wazungu wanakuja kukagua nyumba. Ikiwapendeza, watampa karte ya evolue, ahesabiwe mstaarabu. Basi anazunguka na brosi, kucha zimejaa chokaa, wimbo ni uleule: “Bandugu, musiegemee!” Nasi huku, mtu asiyeegemea ukuta hajakaa bado. Nimechoka kumwambia kwamba utu haupimwi kwa rangi. Anacheka tu: “We mwalimu, iko na wivu.”

Leo mama yake amepanda kutoka Swima, kule ziwani, na kikapu cha samaki, nywele zikimeremeta mawese. Aliketi, akaegemea, akafumba macho kwa uchovu. Alipoinuka kupokea maji, doa la mafuta lilibaki ukutani. Karani hakumgombeza. Alimshika mkono taratibu, akamtoa hadi uani, akamtandikia mkeka juani, akamweleza habari ya Wazungu wa kesho, akarudi kupaka.

“Karani, ni mama yako!” nilifoka.

“Pole pole, mwalimu. Ukuta iko mubichi.”

Mama akauliza kutoka nje: “Mutoto wangu, sasa mi ndiye mugeni, Bazungu ndio benyeji?”

“Ngoja kwanza Bazungu bapite, mama,” akajibu, akalipaka doa mara ya pili, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakitokeza tena.