Onja Kwanza, Mama

Sahani haikuondoka mikononi mwa Godelive kabla hajadondosha tone la mchuzi kiganjani, akalilamba mbele ya macho ya mlaji na kutulia kidogo. Ndipo aliposukuma sahani. Alifanya hivyo tangu alipokuwa msichana mwenye kibanda cha mabati karibu na soko, mjini Butembo, na hakuacha hata mvi zilipoanza kumtoka. Kopo la nyanya nalo alilifungua wateja wakitazama. Huku kwao watu wanaogopa sumu, na mpishi anayesita kuonja chakula chake hula peke yake.

Mchuzi wenyewe ulikuwa mkali. Alikaanga vitunguu katika mawese, akamimina nyanya za kopo, zile zinazotoka kiwandani zikiwa na pilipili tayari, akaziacha hadi mafuta yapande juu. Kisha akatia pilipili mbichi za mashamba ya Kipese, nzima, na vikonyo vyake, zielee bila kupasuka. Mwisho kabisa, samaki tilapia wa ziwani, kutoka Kyavinyonge. Madereva wa malori ya kwenda Kirumba walikula huku machozi yakiwatoka.

“Mama Gode, unataka kutuua!”

“Mutakufa mukiwa mumeshiba.”

Mtu mmoja tu hakuonjewa. Julienne aliuza vitenge kibanda cha pili, na kwa kuwa alikuwa mdogo kwa Godelive, alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Siku moja, wakiwa bado wanazoeana, aliudaka mkono wa Godelive ukiwa njiani kuelekea mdomoni.

“Yaya Gode, kuonja ni ya bageni. Siye tuko ndugu.”

Tangu siku hiyo Julienne alikula moja kwa moja, na Godelive, ambaye hakuwa na dada wala mtoto, alilishika neno lile kama mtu anavyoshika ahadi ya kanisani.

Baadaye Julienne aliolewa na Cyrille, mtumishi wa serikali aliyetoka mkoa mwingine, wakahamia Beni. Simu zikawa chache, kisha zikawa za sikukuu tu. Basi Julienne alipopiga kumwomba aje kupika kwenye komunyo ya kwanza ya binti yao Sagesse, Godelive hakuuliza mengi. Alichagua pilipili moja moja, akapanga makopo kikapuni, akashona kitenge kipya. Alitaka jambo moja tu: aketi na wenyeji mezani, mtoto amwite mama mukubwa mbele ya watu.

Huko Beni, Godelive alipika uani tangu alfajiri. Julienne alipita na kurudi, kichwa kimefungwa vizuri, akifunua sufuria na kunusa. “Yaya, weee! Harufu ya Butembo hii!” Godelive alicheka kwa sababu moyo wake ulikuwa umetulia.

Wageni walipoketi, wakubwa wa ofisi ya Cyrille na wake zao, Godelive alivaa kitenge chake kipya, akaleta samaki mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuona kiti kitupu kando ya Sagesse. Mama mmoja akainamia bakuli, akakunja pua.

“Pilipili yote hii! Ni ya kuficha nini?”

Meza nzima ikacheka. Cyrille naye akacheka.

“Mais lakini, Julienne, huyu mama munamujua vizuri?”

Godelive alisimama akitabasamu, akingoja. Lilihitajika neno moja tu, na Julienne alikuwa nalo. Lakini Julienne alitazama kitambaa cha meza, akakinyoosha kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na mkunjo.

“Ni mupishi tu. Tulimutosha Butembo, tukamuleta.” Kisha, bila kuinua macho: “Onja kwanza, mama.”

Mama. Jina la kila mwanamke anayepita na gunia la makaa.

Godelive alidondosha tone kiganjani, akalilamba. Pilipili alizokula maisha yake yote zilimchoma siku hiyo hadi kifuani. Alitulia, kama kawaida yake, kisha akasukuma bakuli na kurudi uani. Nyuma yake alisikia vijiko vikianza kazi, na yule mama aliyekunja pua akiomba kuongezewa.

Aliosha sufuria, akafunga kikapu. Julienne alimfuata hadi mlangoni mwa ua na sahani moja ya samaki.

“Yaya Gode, hapana kukasirika. Ni juu ya bale bageni, unajua vile banasemaka. Bwana angesikia haya. Kuya hapa, tukule wawili, sawa na zamani.”

Akamega kipande, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Godelive akaudaka mkono wake ukiwa njiani. Akachukua tone la mchuzi kutoka kwenye sahani ile, akaliweka kiganjani, akalilamba, akatulia huku akimtazama Julienne machoni kama anavyomtazama mteja wa mara ya kwanza. Kisha akamwachia mkono, akajitwika kikapu, na kusema:

“Kula, madame. Nimeshaonja.”