Popi na Sindano za Kitale

Pamba iliyochovywa spiriti ina harufu inayonirudisha nyuma hata kabla sindano haijanigusa. Muuguzi akinifuta kidole ili anipime sukari, mimi huwa siko tena pale kwenye benchi. Huwa niko Kitale, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nimeshika kichwa cha mbwa, na mjukuu wangu Nafula yuko kando yangu akitafuna kola ya sweta yake.

Jambo hili sijawahi kulisema kanisani wala nyumbani. Nawaambia ninyi.

Nafula alikua mikononi mwangu, Misikhu, kwa sababu mama yake, binti yangu Rose, alikuwa akifanya kazi Kitale na kupanga chumba kimoja mtaa wa Tuwan. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya hayo ninayowasimulia. Alituachia mbwa wawili aliowalea tangu wakiwa wadogo kama viazi, Simba na Popi. Walilala jikoni karibu na mafiga na kuamka na majivu puani. Nafula aliongea nao kuliko alivyoongea nami.

Kisha gari likamgonga Popi, miguu yake ya nyuma ikafa ganzi. Alijikokota kwa ile ya mbele, mkia ukichora mstari kwenye matope. Rose akasikia kwamba Kitale kuna daktari wa mifugo, mwanamke aliyesomea tiba ya sindano za Kichina. Tukaenda wakati wa likizo. Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kama unywele, na hazikuwa na dawa ndani. Daktari alizichomeka taratibu kando ya uti wa mgongo, na Popi, aliyezoea kubwekea hata kivuli chake, akafumba macho akaanza kukoroma.

"Kuka, anaota," Nafula alininong'oneza. Kuka ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu.

Tuliambiwa tumrudishe kila Ijumaa. Shule zilipofunguliwa nikawa naenda peke yangu, Popi ndani ya katoni, kwa pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka kabichi. Baada ya safari chache, Popi alisimama. Alitetemeka kama meza iliyolegea miguu, kisha akaanguka, lakini alikuwa amesimama. Nafula alikimbia kuwaita majirani waje waone.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa barabarani nikingoja pikapu, karibu na kibanda cha Wanjala, fundi wa baiskeli.

"Mzee, leo tena hospitali?"

"Leo tena."

"Kumbe njia unaijua, bana. Mama Rose alikosa tu mkia."

Wenzake walicheka, kisha wakajifanya wanatazama spoki. Kila mtu alijua. Mke wangu, huyo Mama Rose, alilalamikia tumbo msimu mzima, nami nikawa namwambia angoje tumalize kuvuna. Nilipompeleka hospitali ya Bungoma, hawakuwa na la kufanya.

Pikapu ilipofika nilimwambia jirani aende tu. Nilirudi na katoni kwa njia ya nyuma, ya mashambani, ili nisionekane. Ningeweza kumrudisha Popi jikoni na kuibeba aibu yangu. Badala yake nilichanganya nyama na dawa ya panya. Alikula bila kunusa, kwa sababu ni mimi niliyempa. Nafula alipotoka shuleni nilikuwa nimeshamzika nyuma ya migomba.

"Daktari alimdunga vibaya," nilimwambia. "Sindano ndiyo iliyomuua."

Hakulia. Alienda kumtafuta Simba, akaketi naye mpaka giza likaingia.

Likizo ya Agosti alienda kwa mama yake Tuwan. Aliporudi, aliichukua sahani ya Simba akaanza kuiweka chini ya kitanda chake. Alimpikia ugali mwenyewe. Asubuhi, kabla ya shule, alimpeleka Simba kwa jirani na kumfunga huko. Nikimrushia Simba mfupa, Nafula aliuokota kabla mbwa hajaufikia. "Ameshiba, Kuka," alisema, kwa adabu kabisa. Nami niliwaambia wageni kwamba sijaona mtoto anayejua wajibu kama huyu. Niliwaambia hivyo miaka mingi, nikijivuna.

Simba alikufa kwa uzee, Nafula akiwa kidato cha pili. Tulichimba kaburi pamoja. Alimlaza, akamfunika na gunia, akasimama.

"Huyu amekufa mwenyewe," alisema.

Nilimwuliza ana maana gani.

"Ile likizo ya Agosti nilipatana na daktari kwa duka, Kitale. Akaniuliza mbona Popi hakuletwa ile Ijumaa. Ati alikuwa ametungoja."

Nilitaka kumweleza habari za Wanjala na maneno yake. Neno la kwanza lilifika mdomoni, nikalimeza, maana nilisikia jinsi lilivyofanana na ule uongo wa kwanza. Miaka yote ile mtoto alikuwa amekula chakula changu, akanisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi akamficha mbwa wake nisimfikie.

"Ni mimi," nilimwambia.

"Najua, Kuka," akasema, akaanza kurudisha udongo.