Mugeni wa Wivine

Wivine alizika watoto wawili kule Kambove. Wa kwanza alikuwa na miezi mitatu, wa pili hata arobaini hakufika. Mimba ya tatu ilipoingia, akamwambia mumewe Mumba, fundi wa mashine pale mgodini: "Mimi hapa sizale tena." Akashuka Lubumbashi, akapanga chumba kimoja Naviundu karibu na mto, mahali asipojuana na mtu. Mumba akabaki na kazi yake, akija mwisho wa mwezi kama zamu inamruhusu.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Wivine hakumpa jina. Alimwita Mugeni, maana mgeni huja akaenda zake, na mwenye nyumba halii. Alimnyonyesha akitazama ukuta. Kumwogesha kulikuwa upesi upesi, kama mtu anayeosha sahani ya jirani. Moyoni alisema: kifo kina macho, wale wawili niliwapenda mbele yake, kikaona. Huyu nitamficha.

Mtoto naye akalia. Alilia asubuhi, akalia mchana, miguu ameikunja tumboni kama panzi, na ziwa akilishika analiachia. Wiki ya sita mapaja yake bado yalikuwa membamba, ngozi imelegea.

Upande wa pili wa ua alikaa Mama Amida, mke wa Nasoro fundi cherehani, watu wa Maniema. Siku moja akaingia bila hodi, ameshika kijiko na kichupa cha mafuta meusi ya kokwa za mchikichi.

"Mama, huyu mutoto analia namna hii, unamufanya nini?"

"Simufanye kitu, mama."

"Ah! Ile ndiyo inamuliza. Jina yake nani?"

"Mugeni."

Mama Amida akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Wiki sita? Mugeni siku mbili, mama, ya tatu unamupatia jembe! Huyu wako amesha kulima shamba muzima, na hata mafuta haujamupakaa!"

Akapasha mafuta kwenye kijiko juu ya mbabula, makaa yakiwa yamefifia, akayajaribu kwanza nyuma ya mkono wake. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja. Akaanza kwenye paja, akashuka polepole hadi wayo, mkono huu ukitoka mwingine unaingia. Kisha tumbo, kiganja kikizunguka kitovu bila kukigandamiza. Kifua, mabega, mgongo. Utosi hakuugusa.

"Nguvu hapana, si bukari unasonga. Na umuangalie mu macho. Akigeuza kichwa, achia, amechoka. Sasa wewe."

Wivine akapaka. Mikono ilikwenda vizuri, lakini macho aliyapeleka mlangoni. Mtoto akapiga yowe.

"Mikono yako iko hapa, macho yako iko Kambove."

Mama Amida alijua tu kwamba Wivine alitoka Kambove; ya makaburi hakuwa ameambiwa. Sasa Wivine akasema, "Mama, batoto babili nilibazika kule. Huyu nikimuangalia, nitamupenda. Na nikimupenda..."

Mama Amida sasa hakucheka. "Mimi nilizika batoto bane. Kifo haiulizake kama ulimupenda, inabeba tu. Lakini bale bane nilibapakaa mafuta bote, na mpaka leo mikono yangu inabakumbuka. Huyu wako akienda, mikono yako itakumbuka nini?"

Wiki mbili Mama Amida alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi Wivine alitazama mlango. Kisha Nasoro akaletewa habari kwamba kaka yake ni mgonjwa huko Kasongo. Wakafunga cherehani kwenye blanketi, wakaondoka. Uani ikabaki kamba ya nguo, tupu. Kichupa walimwachia, nusu.

Siku tatu kichupa kilikaa bila kuguswa. Ya nne, mvua ilinyesha tangu alfajiri na mtoto akalia nayo. Alimbeba, akamlaza, akamtia ziwa, wapi. Mwisho akapasha mafuta, akanyoosha miguu sakafuni. Akatazama mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu. Hata wa kumgombeza hakuwako.

Basi akainamisha macho.

Mtoto alikuwa anamtazama. Pengine siku zote alikuwa anamtazama. Paji la uso lilikuwa la baba yake Wivine, lile pana, na mkunjo katikati. Wivine akashika mguu wa kulia, akautelezesha hadi wayo, akalitaja jina la mwanawe wa kwanza. Akashika wa kushoto, akalitaja la wa pili. Miaka hakuwa ameyatamka. Machozi yakadondoka juu ya kitumbo, akayapaka pamoja na mafuta. Kilio kikakatika katikati, kikawa kwikwi. Kichwa mtoto hakugeuza. Akapata usingizi na mikono ya mama bado iko juu yake.

Jumamosi Dominique, dereva wa lori na rafiki wa Mumba, akabisha hodi.

"Mama, Mumba hatakuya mwezi huu, bamemuongeza zamu. Anauliza jina ya mutoto, biro ya mugodi inataka kumuandika. Na jina ya kizungu serikali haiitake, unajua mambo ya siku hizi. Anasema kama bado, baandike Mugeni?"

"Hapana," Wivine akasema. "Chileshe. Jina ya baba yangu. Umuambie iko na uso yake."

"Chileshe," dereva akarudia, asije akasahau njiani. Akaondoka.

Wivine akasikiliza lori mpaka likapotea upande wa barabara kuu. Ua ulikuwa kimya, hakuna wa pili wa kumwambia jina hilo. Akafunga mlango kuzuia upepo, akamimina kwenye kijiko mafuta yaliyobaki.

"Chileshe," akasema. "Lete mguu."