Jiwe la Ugoro la Namnyaki

Mwanamume akikufukuza kwa ajili ya binti mwenye meno mazuri, kuna vitu anavyosahau kukunyang'anya. Lesikar alisahau jiwe. Namnyaki alihamia mtaa wa Lemara amelibeba mgongoni kama mtoto, jiwe bapa alilopewa na mama yake siku ya kuolewa, na kwa jiwe hilo akasaga ugoro, akauza, akalea Sankale na wadogo zake watatu. Lesikar hakuuliza hata siku moja wanakula nini.

Upande wa chini jiwe lilikuwa na alama kama unyoya mkubwa. Namnyaki aliijua tangu utotoni, akaiona ni pambo tu. Ikawa Elinami, mwalimu wa chuo, amekuja kumnunulia baba yake ugoro, akakuta jiwe limeoshwa na kugeuzwa likauke. Alichuchumaa, akasahau alichofuata. Akaeleza kwamba mawe ya Meru yametapikwa na mlima, ila hili limetoka mbali, ni tope la bahari ya kale lililogeuka jiwe. Alama ile ni ya kiumbe kilichoishi kabla ya samaki.

"Mnyama gani?" Namnyaki aliuliza.

"Hatujui, mama. Wengine wanasema mnyama, wengine mmea, wengine wanasema si hiki wala kile. Hakina mdomo, hakina mizizi."

"Na kiliishi?"

"Kiliishi sana."

Namnyaki, ambaye hakuwa mke wala mtalaka, alicheka. Alikielewa vizuri.

Sifa za jiwe zilimfikia Lesikar. Akaitisha kikao kwa Mzee Lemomo, mwamuzi wa ukoo, akadai kwamba kilichotoka bomani kwake ni chake. Namnyaki alikuja na jiwe, tumbaku na magadi. Kwao mwenye jiwe ndiye asagaye, na wazee wakikaa kikao hawanyimwi ugoro. Akaliweka jiwe mbele ya Lesikar.

"Baba Sankale, kama ni lako, wazee wanangoja. Piga magoti usage."

Kusaga ni kazi ya wanawake. Lesikar alitazama jiwe, akawatazama wenzake wa rika. Mmoja akauliza kwa upole kama Lesikar aletewe na shanga za kike avae. Mikono ya Lesikar haikutoka ndani ya shuka.

Mzee Lemomo alinyoosha kikopo chake kitupu cha ugoro, kikampita Lesikar, kikaenda kwa Namnyaki.

"Mama Sankale, tusagie."

Hukumu ilikuwa hiyo. Namnyaki alisaga taratibu, akawagawia wote. Hata Lesikar hakumnyima: alimwekea kiganjani, akasimama palepale mpaka Lesikar alipouvuta akapiga chafya.