Nilimdai Mdogo Wangu Gharama za Kesi

Nimekosa, na kosa langu nililifanya mchana, mbele ya watu, haki yote ikiwa upande wangu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Mang'ola. Mungu amenipa umri na subira, namshukuru. Siku ile subira sikuitumia.

Mimi na mdogo wangu, tumbo moja, tuligombea mpaka wa shamba la vitunguu alilotuachia baba. Tukafika baraza la ardhi, Karatu. Nikashinda. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee, kwa kawaida aliyeshindwa humlipa mwenzake gharama za kesi. Lakini ninyi ni ndugu. Nikiamuru kila mmoja abebe zake, una pingamizi?"

Mdogo wangu alikuwa ananitazama.

"Ninalo," nikasema. "Alipe."

Nilidai fedha za wakili, nauli, hadi chai na chapati nilizokula nikisubiri kuitwa. Chai ilikataliwa, mengine yakapita. Jumapili nikasimama kanisani kutoa shukrani. Yeye na mkewe walikaa benchi la nyuma.

Hakuwa na fedha, nilijua. Nilijua pia kwamba vitunguu vyake vilikuwa vinaanza kujaza, kunenepa ardhini, na vikikosa maji wakati huo ndiyo basi tena. Wiki hiyohiyo nikamtuma dalali wa mahakama akachukue pampu yake ya maji. Ningeweza kungoja avune. Sikutaka.

Mkewe alinijia. "Shemeji, tuachie wiki tatu tu."

"Kaiambie mahakama," nikamjibu.

Vitunguu vilikauka, na bei ya pampu haikutosha. Asubuhi moja mdogo wangu akaja na jembe begani, akasema atamalizia deni kwa kibarua. Hapo ningemwambia arudi nyumbani, yaishe. Nikamwonyesha jaruba la kuanzia.

Alipalilia siku ishirini na sita, kwenye udongo uleule tuliougombea. Vibarua wenzake wa kutoka Singida wakamtania, "We mzee, mbona pua yako na ya bosi ni moja?"

"Pua za hivi ziko nyingi," akasema, bila kuinua kichwa. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale.

Siku ya mwisho hakuniita kaka. "Bosi, niandikie kwamba hunidai." Nikaandika, nikasaini. Hazikupita siku nyingi, akahamia Mbulu na familia yake.

Mwaka jana nilimfuata huko kuomba msamaha. Hakunikaribisha ndani. Aliingia, akatoka na ile karatasi, akainyoosha mbele ya uso wangu.

"Soma. Hunidai. Sasa hapa umefuata nini?"

Nikarudi stendi.

Wewe uliyeshinda kesi na ndugu yako, sheria inakuruhusu kudai gharama, haikulazimishi. Chukua shamba, mshike mkono, mrudi nyumbani pamoja. Mimi nililipwa zote, na sina mdogo wangu.