Mota Iliyotoa Kidonge cha Pili

Leo mashine yangu nusura imdhuru mke wangu.

Niliiunda ili kila asubuhi imtolee kidonge kimoja cha presha. Leo mota ilizunguka, chipu ikazimika, ikawaka upya, ikatoa cha pili. Nilikidaka kikielekea kinywani mwake.

"Bwana, wataka kuniua?" Miaka arobaini Nairobi, na lafudhi yake bado ya Lamu.

Nikasoma programu mstari kwa mstari. Haina kosa!

Nikaibeba mashine kutoka kwetu Muthangari hadi kwa fundi mjini.

"Mzee, programu iko sawa. Mota inatupa kelele ya stima, umeme wa kurukaruka, kwa chipu; chipu inajianzisha upya na kusahau imeshatoa kidonge."

Akalehemu kapasita ndogo kati ya nyaya za mota, imeze kelele hiyo.

Nimeijaribu mara hamsini: kimoja, kimoja.

"Basi, iwashe," asema mke wangu.

Siwezi. Kesho nitampa kwa mkono.

Nyinyi mngeiamini?