Bumzi Nyuma ya Pazia

Katika harusi zetu hapa Garissa, mpiga kinanda huketi nyuma ya pazia, kwa sababu upande wa pili ni wa wanawake peke yao. Mimi mgawa chai hupita huku na huku, ndiyo maana namwona. Kinanda chake ni cha plastiki, cha bei rahisi, na sauti hukatika mara tu kidole kinapoondoka. Basi huutoa mswaki wa mti mdomoni, huufuta kwa kikoi, kisha huuchomeka kando ya kitufe cha mwisho mpaka kibanwe, na noti moja nzito hubaki ikilia chini ya nyimbo zote. Huiita bumzi, yaani pumzi, maana p hugeuka b ndimini mwetu sisi Wasomali. “Eedo, mtu hawezi imba bila bumzi,” aliniambia siku moja, akiniita shangazi kwa heshima. Sijamsikia akisema zaidi ya hayo.

Juzi nyanya mmoja, Ayeyo Osob, alikuwa akimghania mjukuu wake buraanbur, shairi letu la harusi. Mjukuu huyo, bibi harusi mwenyewe, hana mama. Ayeyo alipofika kwenye jina la binti yake marehemu, sauti ikamkauka, ngoma zikanyamaza, ikabaki ile noti tu, ikimngoja. Halafu stima ikapotea, kinanda kikazimika. Yule bwana alikitazama kinanda, akafumba mdomo, na noti ileile ikatoka kifuani mwake, ikavuka pazia. Ayeyo akalitaja jina. Mwanamume alipoishiwa na pumzi, wanawake waliishika noti yake, naye akainamisha kichwa, mswaki ungali umebana kitufe kisicholia.